Kampuni Isiyo na Mlango

Muyinga, Jumamosi jioni. Mvua tangu asubuhi, na bati la chumba changu halijui kunyamaza. Ninaandika kwa sababu nikikaa bure nitafungua simu, na nikifungua simu nitaiona tena ile picha.

Picha ni ya mama mdogo Yusta. Amesimama uani kwake Gasorwe, kando ya mtungi wa impeke, ile pombe ya mtama anayoiuza siku za soko, anacheka. Mteja ndiye aliyempiga picha, kwa mapenzi tu. Mtu mwingine, nisiyemjua, akaichukua na kuandika chini yake kwa Kirundi kwamba mwanamke huyu ametoka Tanzania na sumu, kwamba pombe yake imeua watu Itaba, kwamba anawamaliza wenyeji ili wakimbizi waliorejea wachukue mashamba.

Yusta ndiye aliyenilea kambini Kigoma baada ya mama kufariki. Tulirudi pamoja. Itaba, upande wa Gitega, hajafika maishani mwake.

Nilikwenda mimi, wiki iliyopita. Nikauliza kanisani, nikauliza kwenye zahanati. Hakuna aliyekufa kwa pombe. Kisha mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli huko Muyinga kuna mwanamke anayetilia watu sumu. Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Kutoka hapo nikapita Gitega mjini kwa mwanasheria. Mtu mwema, hana haraka. Alinieleza kwamba sheria inaweza kumshika aliyeandika, hata aliyesambaza. Lakini aliyeandika ana picha ya ua mahali pa uso, na jina la kubuni. Nikamuuliza, na kampuni yenye mtandao je, iliyoupeleka uongo huo kwa watu ambao hata hawakuuomba? Akavua miwani. Kampuni haina ofisi hapa, alisema, haina mtu wa kupokea hati ya kuitwa mahakamani. Redio ikidanganya, mwenye redio tunajua analala wapi. Huyu hana hata mlango wa kubisha.

Na chini ya picha ya mama mdogo kuna tangazo la sabuni. Yaani kuna mtu analipwa.

Nilikuwa nimeliripoti kwa kampuni, bila shaka. Jibu lilikuja upesi: tumelichunguza chapisho hili, halijavunja kanuni zetu. Nani alilichunguza? Kirundi anakijua?

Yusta akaona ajitetee kwa njia anayoijua yeye. Huku kwetu mwenye kutoa kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakina kitu. Siku ya soko alisimama katikati ya watu, akachota, akanywa kikombe kizima, akakipindua kila mtu aone. Kuna aliyerekodi. Kabla hatujafika nyumbani video ilikuwa imeshatembea, na maneno mapya juu yake: mwoneni, amekunywa kwanza dawa ya kuzuia sumu.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Jana Mama Furaha, Mkongomani wa Kivu ya Kusini anayeuza vitenge hapa sokoni, aliniita pembeni. Hakuwa na utani wake wa kila siku. "Dada, hiyo video iko inatembea mpaka Gitega kwa bateja yangu. Kwetu ilianzaka hivi hivi, na mi nikakimbia. Mumutoshe ule mama pale." Yaani tumwondoe Yusta kule.

Leo asubuhi walikaa bashingantahe wa Gasorwe, wazee wanaoamua kesi za kilima, yaani za kijiji. Desturi yao ni kulifuata neno mdomo kwa mdomo: wewe ulilisikia kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka apatikane asiye na wa kumtaja. Huyo ndiye anayejibu. Nilikwenda na matumaini. Wa kwanza akasema simu. Wa pili, simu. Nani alikutumia? Hakuna, nilifungua tu ikanionyesha. Wote hivyo hivyo. Mwisho aliyeongoza kikao akauliza, kwa dhati kabisa, "Basi huyo anayewaonyesha, mbona hakuitwa?"

Hakuna aliyecheka. Kikao kikaahirishwa.

Mimi siombi zaidi ya hapo. Sitaki mtandao ufungwe, ndugu zangu wa Kigoma nawapata humo humo. Nataka aitwe, asimame, aulizwe mbele ya watu kwa nini aliupeleka uongo mbali hivyo na ukweli kwamba hakuna aliyekufa haukutoka Itaba.

Tuliporudi kwa Yusta tukakuta mtungi mkubwa umevunjwa, na jiwe juu ya kitanda. Nilimsihi aje alale kwangu mjini. Alikuwa anafagia vigae, hakuinua kichwa.

"Mwanangu, nimeikimbia nchi hii mara mbili. Mara zote nilimjua ninayemkimbia. Safari hii nimkimbie nani?"

Akaenda ndani, akachota impeke kidogo iliyobaki, akanipa kikombe kama siku zote. Hakuonja. Hajawahi kuonja mbele yangu, maana mtu hamwonjei mtoto aliyemlea.

Nikakipokea. Nikakishika tu, sikunywa.

Ilikuwa kitambo kidogo, lakini aliona. Akakichukua mkononi mwangu, akanywa funda moja, akanirudishia.

Nilikunywa chote, nikapanda pikipiki nikilia njia nzima. Yeye amebaki kule. Jumatatu narudi Gitega kwa mwanasheria. Ataniuliza kampuni imetudhuru nini hasa, na sitaanza na mtungi wala jiwe. Nitamweleza jinsi nilivyokishika kile kikombe.