Baiskeli Yenye Kiti cha Nyuma

Mpendwa Shangazi Akeyo,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usinicheke, maana jambo lenyewe ni la baiskeli, na najua hapo kwako watu huleta mambo ya ndoa na mirathi, lakini hili la baiskeli limenisumbua kweli na sina mtu wa kumwuliza, na hilo la kukosa mtu wa kumwuliza nadhani ndilo linaloniumiza zaidi, utaona mwenyewe ukisoma.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, Msukuma wa Magu, ninaishi hapa Mwanza, Bugarika, juu kule kwenye mawe, na kazi yangu ni kutunza stoo ya nyavu katika duka moja Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Kila asubuhi nashuka kwa miguu mpaka barabarani, napanda bodaboda, jioni narudi hivyo hivyo, na sasa magoti yamechoka na hao vijana wa bodaboda nao wananikimbiza mpaka roho inataka kutoka, basi nikaamua ninunue baiskeli ya umeme, hizi zinazopita siku hizi kimya kimya bila moshi. Fedha si tatizo, niliweka kwa ajili ya kuezeka nyumba upya, sasa nyumba yenyewe naiezeka ili alale nani.

Kuna fundi pale Kirumba anaitwa Pius, anazo mbili. Ya kwanza ni kubwa, mota yake ina nguvu kamili, yaani unaweza usikanyage pedeli kabisa na ikapanda kilima chetu bila kulalamika, matairi mapana, na nyuma ina kiti kirefu cha kubeba mtu pamoja na mahali pake pa kuwekea miguu. Ubaya wake ni uzito. Kwangu hakuna barabara, barabara inaishia chini kwa Mama Odeta anayekaanga vitumbua, kutoka pale ni kupanda ngazi za mawe, na pengine unapita ubavu ubavu kati ya jiwe na jiwe, na baiskeli ile huwezi kuinyanyua peke yako, itabidi uombe watu wakusaidie au uiache chini kwenye baraza la mtu, na mimi kuomba watu sitaki tena. Ya pili ni nyepesi, ukiitazama utadhani ni baiskeli ya kawaida, mota yake ndogo inakusaidia tu unapokanyaga, kilimani lazima na wewe utoe jasho, na betri yake haiendi mbali sana, lakini naweza kuiweka begani nikapanda nayo mpaka mlangoni bila kumsumbua mtu yeyote. Ila haina keria. Nyuma hamna kitu. Nikamwuliza Pius kama anaweza kunifungia keria, akasema fremu ile haikutengenezwa kubeba mtu, halafu akaniuliza, "Kwani mzee, wewe unambeba nani?"

Shangazi, niliinama nikajifanya nakagua matairi.

Mke wangu Ng'washi alifariki mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zinaanza. Tulioana Magu tukiwa vijana, na mali yangu ya kujivunia siku zile ilikuwa baiskeli, nimeifungia keria ya chuma na juu yake nimeweka mto aliouvisha yeye mwenyewe kitambaa cha maua, na tumekwenda nayo gulioni, kanisani, kwa wakwe, kila mahali, na tulipohamia Mwanza tukaja nayo. Kila tukikaribia shimo nilikuwa namwambia, "Shikilia," naye anajibu, "Nimeshika, wewe tazama mbele." Miaka yote, Shangazi, maneno ni hayo hayo, mpaka wakati mwingine hata hakuna shimo tunasema tu.

Sasa siku ile Pius akanipa ile kubwa niijaribu, nikazunguka nayo huko nyuma ya uwanja wa mpira, na kwa kweli ni chombo, unagusa kidogo tu inaondoka, nikafurahi, nikajisahau, nikaliona tuta mbele nikasema kwa sauti, "Shikilia." Halafu kimya. Nilisimama pale pale katikati ya njia, kina mama wa dagaa wananipita na mabeseni yao, nikalia, mtu mzima mimi, nimekamata usukani. Nikamrudishia Pius chombo chake nikamwambia nitafikiria. Kesho yake nikaijaribu ile nyepesi, nayo ni nzuri, haina neno, lakini kila mara nilikuwa nageuka kutazama nyuma.

Ndiyo maana nimekwama. Nikichukua kubwa, nitakuwa kila siku nabeba kiti kitupu kutoka Bugarika mpaka Kirumba na kurudi. Nikichukua nyepesi, nitakuwa nimekubali mbele ya watu wote kwamba nimebaki mimi tu, basi, imekwisha. Na ukweli ni kwamba nimebaki mimi tu. Binti yetu Queen ameolewa Misungwi, ananipigia simu, namwambia niko vizuri. Siwezi kumwambia mtoto kwamba kuna Jumapili nzima sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Na majirani ndio wameniumiza kuliko wote. Ng'washi alipokuwa hai nyumba yetu ilikuwa haikauki watu. Na alipofariki hawakuniangusha, siwezi kusema uongo, walifunga turubai kati ya mawe sijui waliwezaje, wakapika, wakalala pale, Mama Odeta akaleta sufuria lake kubwa, Mzee Mayala mwenye mguu mbovu akapandishwa na vijana ili akae na mimi. Tukasafirisha mwili, tukazika Magu, tukamaliza matanga huko huko nyumbani kwa desturi zetu, kila kitu kikaenda sawa. Nikarudi Mwanza jioni, nikapitia njia ya nyuma ili nisiwasumbue tena, walikuwa wamechoka, na asubuhi nikaenda kazini kwa sababu stoo ilikuwa imenisubiri vya kutosha. Tangu hapo wamenitenga. Naomba uniamini. Nikipita, Mama Odeta anasema "pole kaka" kwa sauti ya chini na kuinamia kikaango chake. Mzee Mayala, ambaye zamani alikuwa anasuka nyavu Mwaloni na sasa anashinda pale barabarani na redio yake, akiniona anaipunguza sauti mpaka nipite. Hata watoto wanaocheza kwenye mawe wananyamaza. Hakuna anayepanda kwangu. Wananiona mtu wa mkosi. Mlango wa mbele siufungui tena, napitia jikoni, na jikoni lile sufuria la Mama Odeta liko pale pale, kila siku naliona, naona aibu kulipeleka maana nitasema nini.

Basi ndiyo hivyo. Nichukue ipi, Shangazi, yenye nguvu au nyepesi? Moyo wangu umeelekea nyepesi, ili nisimhitaji mtu. Pius ananingoja mpaka mwisho wa mwezi.

Ni mimi,
Obedi, Bugarika.

*

SHANGAZI AKEYO ANAJIBU

Marahaba, Obedi, na pole sana. Pole ya kweli, naitoa nikiwa nimekaa, nimeweka kalamu chini kwanza. Barua yako nimeisoma, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena. Sijacheka. Ila nimekasirika kidogo, na nitakwambia kwa nini, kwa hiyo kaa vizuri.

Wewe baba, nani amekutenga?

Hebu turudi kwenye maneno yako mwenyewe. Watu wamekufungia turubai kwenye mawe. Wamekupikia, wamelala nje kwa ajili yako, wamembeba mzee wa watu mwenye mguu mbovu mpaka mlangoni pako. Halafu umezika, umemaliza matanga Magu na ndugu zako, vizuri kabisa. Ukarudi Mwanza kwa njia ya nyuma, asubuhi huyoo kazini! Sasa niambie, matanga ya Bugarika umeyamaliza lini? Hao waliobaki huku hawakuuona mchanga ukimwagwa. Walikuwa wanakungoja urudi, waje na kanga zao wakupe pole, ukae nao, useme asante, turubai lishuke, watu wacheke kidogo, maisha yaendelee. Kote kanda hii hakuna asiyelijua jambo hili. Mimi ni Mjaluo wa Shirati, kwetu tungekufuata mpaka huko stoo kwako! Wewe ukafunga mlango wa mbele. Wao wakasema, basi, mwenzetu bado yuko kwenye msiba, tumwache.

Mzee anapunguza redio mbele ya nani, Obedi? Mbele ya mfiwa. Watoto wananyamaza kwa sababu mama zao wamewaambia wanyamaze, baba yule amefiwa. Mama Odeta anakupa pole ya mdomoni kila siku kwa sababu hujampa nafasi ya kuitoa inavyostahili. Hiyo ni heshima, nawe umeichukua kama chuki mwaka mzima, ukawa unanyong'onyea jikoni peke yako ukitazamana na sufuria. Jamani! Nimesikitika mpaka basi.

Sasa tuje kwenye baiskeli, maana uliniuliza swali nami silikimbii.

Chukua kubwa.

Usinibishie. Kwanza kwa magoti hayo na kilima hicho, hiyo nyepesi utaipenda wiki moja, ya pili utaanza kuikokota, ya tatu utakuwa umerudi kwa bodaboda. Nyepesi ni nzuri kwa mtu wa tambarare, au kijana. Wewe si kijana na Bugarika si tambarare. Pili, ile sababu iliyokufanya uikatae kubwa ndiyo sababu yangu ya kukutuma uichukue. Umesema huwezi kuipandisha bila watu. Vizuri sana! Ndiyo dawa yako hiyo. Italala chini kwenye baraza la Mama Odeta, utamwomba kwa adabu, na kila jioni utapita pale kuilaza na kila asubuhi utapita kuichukua, na hamtaweza kukaa mwaka mzima mkipeana pole za kuinamia kikaango. Baiskeli ya kukusaidia usimhitaji mtu wewe huihitaji, baba. Huo upweke ulionao tayari unatosha.

Kabla hujalipa, mwambie Pius akuonyeshe betri inavyochomoka. Betri utapanda nayo wewe ukaichajie kwako kwa umeme wa luku yako, chini ibaki baiskeli tu na mnyororo mzito uliofungwa kwenye nguzo. Halafu usiridhike na kuzunguka uwanja. Shuka nayo mteremko wa kweli, mtu mwenye mwili wake akiwa amekaa nyuma, uone breki zinasemaje, maana kitu kizito kupanda si kazi, kazi ni kukisimamisha. Pius akikukatalia kuijaribu hivyo, tafuta muuzaji mwingine. Na ununue helmeti mbili. Nimesema mbili.

Lakini baiskeli isije kabla ya hili. Jumamosi hii mpigie Queen simu, umwambie ukweli kwamba hauko vizuri, aje. Fungueni mlango wa mbele, toeni viti. Agiza mchele kwenu Magu, ule mzuri, ujaze sufuria la Mama Odeta, maana chombo cha msiba hakirudi kitupu, hilo nawe unalijua. Mpelekee mwenyewe kwa mikono yako. Umeuliza utasema nini, basi utasema hivi: "Nimechelewa kuwashukuru. Karibuni nyumbani." Basi, wala usiongeze. Watakaopanda ukae nao, uwape chai, umtaje Ng'washi kwa jina. Ukilia, lia. Watalia na wewe, walikuwa wanampenda, umesahau kwamba nao wamefiwa?

Sasa kile kiti cha nyuma. Hakuna atakayekaa mahali pa Ng'washi, na wala sikutafutii mke hapa, ondoa wasiwasi. Lakini umeniandikia kwa mkono wako kwamba kuna mzee aliyesuka nyavu Mwaloni maisha yake yote, na sasa mguu umemkatalia, anashinda kando ya barabara anasikiliza redio. Wewe kila asubuhi unakwenda Kirumba, kwenye nyavu! Umempita mwaka mzima ukidhani anakuchukia, kumbe wote wawili mmekaa na upweke wenu, hatua chache tu kati yenu. Siku ya kwanza utakapoichukua baiskeli, simama mbele yake, mwamkie, umwambie, "Mzee Mayala, leo nakwenda Mwaloni, twende ukawaone wenzako." Mvalishe helmeti. Mpe nafasi apandishe mguu wake taratibu, usimharakishe.

Na mkilikaribia tuta, mwambie kama ulivyozoea, "Shikilia."

Safari hii utajibiwa.