Minyaa au Mkorosho

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwenye eneo kapita tena. Mwisho wa Septemba tuwe tumetoka, anataka kujenga fremu za maduka. Miaka kumi na moja nasaga mifupa hapa Vingunguti, jirani kabisa na machinjio, leo ndiyo naambiwa nanuka. Nimeanza leo?

Sina presha. Kiwanja changu cha Chamazi kipo. Kasoro yake moja: kiko nyuma ya eneo la Mzee Mwishehe, lori haliwezi kufika bila kupita kwake. Tangu mwaka jana namwambia aniuzie hilo la mbele. Namshusha bei taratibu. Atakubali tu – nani mwingine atalitaka?

Jumatano, 6 Agosti

Godlisten!

Godlisten kalichukua eneo la mbele. Wiki mbili za mazungumzo – mie mwaka mzima! Huyu huyu niliyemfundisha kubadilisha nyundo za mashine, akila kwangu, akilala stoo juu ya viroba. Sasa ana kiwanda cha chakula cha kuku kule Mbagala, kimemjaa, anatafuta pa kuhamia. Watu wanamwita Mkurugenzi. Mie miaka yote ni Albano Mifupa.

Na nani alimwambia transfoma imeshafungwa pale Chamazi, umeme fezi tatu? Mie! Kwa mdomo wangu, tukinywa supu.

Nilidhani mke wangu atanionea huruma. Yuliana kashangilia! Eti mteja wetu mkubwa anakuja kuwa jirani, unga wa mifupa tutampelekea kwa toroli. Nikamuuliza ameolewa na nani.

"Na yule aliyekaa mwaka mzima anashusha bei," akasema.

Sikula.

Ijumaa, 8 Agosti 2025. Nane Nane

Sikukuu, lakini mwenyekiti wa mtaa, Mama Jenipher, katuita Chamazi. Kule eneo likiuzwa, majirani wote wa mipaka wanaitwa. Kila mmoja anaonyesha mpaka wake, anasaini. Mmoja akikataa, biashara inasimama. Na jirani wa nyuma ni mie. Yaani nimsainie Godlisten!

Kaja na gari jipya. Raba nyeupe pee, kwenye mchanga ule. "Shikamoo, bro." Kwa sauti, watu wasikie ana adabu.

Tukazunguka. Tulipofika upande wangu Mama Jenipher akauliza, haya Albano, mpaka wako? Minyaa ya mpaka ipo pale, imenyooka kama imepigwa rula. Mdomo ukatangulia.

"Mpaka ni ule mkorosho."

Mita nne ndani ya eneo linalouzwa.

Mzee Mwishehe akaniangalia weee. "Albano. Minyaa hii si tulipanda mie na wewe? Wewe si ndiye ulishika kamba?"

Nikasema ilipandwa vibaya.

"Minyaa imetembea!" – mtu huko nyuma. Wakacheka. Hata Mama Jenipher kaziba mdomo kwa kitenge. Wacheke. Mauziano yameahirishwa. Nimerudi nyumbani nimekula sahani mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Tumetoka misa, tunamkuta Godlisten barazani. Yuliana katoa glasi za wageni. Kwa ajili ya nani? Huyo.

Kaleta ramani ya kiwanda chake. Kaitandaza kwenye meza yangu. Ubavuni mwa eneo kaacha njia ya lori, mita sita, toka barabarani mpaka kwenye geti langu. Kaandika kabisa: Njia ya Bro Albano. Umeme tuvute pamoja, gharama nusu kwa nusu.

"Nilitaka iwe sapraizi, bro. Ndio maana sikukwambia."

Wakati anaongea nilikuwa napiga hesabu kichwani. Natafuta kosa. Mita sita, fuso inageuka. Mzigo unaoenda kwake hauna lori, hauna dereva, hauna mafuta. Hamna kosa! Hilo ndilo limeniuma. Lingekuwepo ningempa mkono. Sasa kila dereva akiuliza hii njia ya nani, nimjibu nini? Ya Mkurugenzi, kanihurumia?

Nikamwambia mkorosho ni mkorosho.

Akakunja ramani taratibu. Yuliana kamsindikiza mpaka kwenye gari. Akarudi, akaosha zile glasi za wageni, akazifungia kabatini.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika kwenye simu, benchi la nje, ofisi ya mtaa.

Mzee Mwishehe kachoka na sie. Leo kaleta mnunuzi mwingine, mama mwenye shule ya chekechea. Godlisten kanywea – nikasikia raha, sitadanganya humu. Mama akauliza ugomvi ni wa nini. Akaambiwa mita nne.

"Tu? Basi abaki nazo. Sie tutaanzia kwenye mkorosho, tuzungushe ukuta wote. Watoto hawa, lazima ukuta."

Nimeshinda! Mita nne zangu. Mbele ukuta. Njia hamna. Na nani ataniacha nisage mifupa nyuma ya chekechea? Upepo ukigeuka siku moja tu, wazazi wako mlangoni.

Vingunguti nimebakiza mwezi na nusu.

Mama Jenipher kasema anauliza mara ya mwisho. Ni minyaa? Basi ugomvi umekwisha, Mzee anarudi kwa Godlisten, ndiye waliyepatana naye kwanza. Ni mkorosho? Mama wa shule analipa leo leo. Wote wakanigeukia. Nikasema nina simu ya kupiga.

Sina simu ya kupiga.

Minyaa. Neno moja, niseme nikae. Lakini niliseme mbele yake! Yeye kakaa pale na raba zake, hata hajakasirika. Angekasirika kidogo ningelisema.

Anatoka. Anakuja huku.

"Bro, wanakusubiri."

Namwonyesha kidole, dakika moja. Karudi mlangoni, kaushika usijifunge, anangoja nitangulie.

Hata mlango kaushika yeye.