Mfupa Alioulilia Mama Masanja

Jumanne, Nyarugusu. Mvua imegoma tena. Tangu asubuhi jua kali, vumbi hadi kwenye kabati la dawa, na mimi sina hamu ya kula.

Leo nimefanya kazi niliyoikwepa tangu Alhamisi. Nimekwenda kumwambia Mama Masanja kwamba mfupa alioulilia si wa mwanawe.

Nianze na kosa langu. Mwezi wa tatu wanaapolo, wachimbaji wadogo wa hapa, walikuwa wanachimba duara jipya, shimo la dhahabu, karibu na lile lililomfukia Masanja miaka minne iliyopita. Masanja hakuwahi kutolewa. Wakakuta vipande vya mifupa. Mwenyekiti wa kitongoji akaniita, maana mimi ndiye tabibu wa zahanati. Nikashika kipande cha mfupa wa paja, nikaona ule ukingo wa nyuma unaoshika misuli, nikasema ni mtu, tena mtu mzima.

Hapo nilikuwa sahihi.

Mama Masanja alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Akakichukua mikononi mwangu, akakifuta udongo kwa pindo la kanga.

"Daktari, ni yeye?"

"Inawezekana, mama."

Jioni ile ile akanyoa nywele. Tukakaa matanga.

Wiki iliyofuata daktari wa wilaya akanipigia: ile mifupa, iliyokuwa imechukuliwa na polisi, inaonekana ya zamani mno, itapelekwa kwa watafiti. Nilipaswa kukimbia kumwambia asubiri. Sikwenda. Niliona aibu, nikajidanganya kwamba mama wa watu amepata pa kulilia, nimwache.

Matanga yalipoisha, mkwe wake, aliyemngoja mumewe miaka yote hiyo, akaruhusiwa kuondoka. Akarudi kwao Isaka na mjukuu pekee wa Mama Masanja. Sasa ameolewa na mwingine.

Hayo yote kwa neno langu moja.

Alhamisi mtafiti alinipigia akanieleza taratibu, kama mwalimu. Rangi haisemi kitu, udongo wa hapa unapaka mfupa wowote. Wao hutafuta mabaki ya protini ndani ya mfupa, kisha hupima aina moja ya kaboni, ambayo hupungua kidogo kidogo tangu mtu anapokufa. Mkaa uliookotwa kwenye tabaka lile lile la udongo ulitoa jibu hilo hilo. Maelfu ya miaka. Mtu huyo alikufa kabla ya ukoo wowote tunaoujua huku.

Nilimkuta Mama Masanja anachambua choroko. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kama mama yangu, kwa Kisukuma changu cha kuokoteza. Nikamweleza yote hayo, na nikakiri kwamba nilisikia mashaka mapema nikanyamaza. Nilidhani atanifukuza. Aliacha tu kuchambua. Akauliza, basi Masanja yuko wapi?

Nikakaa chini, nikaanza kumchambulia choroko.

"Yule binti wa Isaka usimpigie," akasema baadaye. "Mwanangu amekufa, awe ni huyu au siye. Mwache akae na mumewe."

"Sawa, mayu."

"Ila waambie watu wako wanirudishie huyo. Nitamzika mimi. Nimeshamlilia, siwezi kumtupa."

Nikasema nitauliza. Nikaondoka upesi, hata kuaga sikuaga vizuri.

Nilikuwa najua jibu. Mtafiti aliniambia kwamba kupima huku ni kuharibu. Ili waipate ile kaboni, walikata sehemu ya mfupa wakaisaga unga, na unga wote ukaishia kwenye vipimo. Kilichobaki kimehifadhiwa mbali na hakitarudi Nyarugusu.

Nimenyamaza mara ya pili, kwa mama yule yule.

Kesho, kabla sijafungua zahanati, nitarudi kwake. Nitasema, hata akinifungia mlango. Tangu nirudi nyumbani natafuta maneno na siyapati, si ya Kiswahili wala ya Kisukuma. Unamwambiaje mama kwamba mtu aliyemlilia amesagwa?