Mbiu Iliyopigwa Kijiji Kitupu

Hosamaradi,
Karnataka.
Jumapili, 23 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Fakirappa,

Hujambo huko Sharjah? Na mgongo je, bado unakusumbua ukibeba zege, au ule mkanda niliokutumia umesaidia? Sisi wazima. Macho ya mama yetu, Avva, yanazidi kuingia ukungu, lakini mdomo wake hauna ukungu wowote. Jana kaniambia rotti zangu za mtama siku hizi ni nene kama kwato za punda. Wifi yangu Nirmala yuko salama, na mwanao ameng'oka jino la mbele.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Jambo likikukera unasema mtandao mbaya, unakata. Barua huwezi kuikata, kwa hiyo kaa chini usome.

Wanataka shamba letu la pilipili, lile la kisimani. Si letu tu, ni upande wote wa mashariki mpaka kwenye kijito, eti wajenge viwanda. Mwezi uliopita niliwakuta wapima ardhi wanachomeka vigingi vyekundu katikati ya pilipili. Nikauliza, wakasema serikali ya jimbo ilishatangaza zamani na muda wa kupinga umekwisha. Walipoondoka niliving'oa vyote. Sasa nimevichomeka bustanini, maharage ya Nirmala yanavipanda, na yamestawi kweli.

Nikaenda ofisi ya ardhi mjini pamoja na jirani yetu Kallavva. Ofisa ni kijana mpole, shati limenyooka, akatuonyesha kila kitu. Tangazo limechapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Nani huku amewahi kuliona Gazeti la Serikali? Hata muuza bhajia wa stendi hajawahi kufungia bhajia kwa kurasa zake. Likatoka pia kwenye magazeti mawili ambayo hayafiki kwetu. Likabandikwa ofisi ya kijiji, nyuma ya kabati. Na ile mbiu ya ngoma ambayo sheria inaitaka, wameandika kwamba ilipigwa mitaa yote siku ya Jumanne, na wananchi wakahudhuria kwa wingi.

Nilimwomba asome tena tarehe. Akasoma. Kallavva alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Dyamavva, Fakirappa. Wewe umekulia kwenye Jumanne hizo. Kabla ya sikukuu ya huyo mungu wetu wa kike hatusagi unga, hatuwashi jiko la nyumbani, na ngoma ya mpiga mbiu wetu Durgappa inatundikwa ukutani, haiguswi. Na ile Jumanne ya mwisho tunahama kijiji kizima tangu alfajiri, wakongwe, vichanga na ng'ombe, tunaziba njia kwa miiba na kushinda mashambani hadi jua lizame. Hata mwizi wetu siku hiyo yuko nje anakula bilinganya pamoja na aliowaibia. Sasa hao waliohudhuria kwa wingi ni nani, panya?

"Mama," ofisa akasema, "ikishatoka kwenye Gazeti, kisheria kila mtu anahesabiwa kuwa amejua."

"Wanaohesabiwa ni mbuzi," nikamjibu. "Mimi ni mtu, naambiwa. Njooni mniambie."

Kallavva alikuwa ameshatandika shuka mlangoni, anauliza choo kiko wapi, maana tungekaa hapo mpaka tusikilizwe. Nilikuwa na hasira ambayo sijaipata tangu baba afariki. Mkubwa wa yule kijana akatoka kuuliza kuna nini, akasikia habari ya miiba, akalifunga faili. Nadhani aliiogopa mahakama kuliko sisi. Akaamuru tangazo lirudiwe na muda wa kupinga uanze upya.

Juzi Ijumaa ofisa akaja mwenyewe hadi uwanja wa kijiji. Alitaka kusoma mistari ya juu tu aondoke. Tukampa kiti na chai, tukamwambia asome yote, shamba baada ya shamba, kwa Kikannada tunachosema sisi, si kile cha ofisini. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Tukamwongezea chai.

Alipofika namba ya shamba letu akauliza kama mwenyewe yupo. Nikasimama. "Ni la Sangavva na Fakirappa, watoto wa Irappa. Tunapinga."

Durgappa, ambaye amelipwa apigie ngoma maneno ya serikali, akayapigia na maneno yangu. Hakuna aliyemwagiza. Ofisa akamtazama, Durgappa akawa anatazama mawingu. Tangu hapo kila aliyesimama kupinga alipigiwa ngoma, na walisimama wote.

Sasa nije kwako. Najua dalali amekupigia na kukutajia fidia, nawe umemwambia utafikiria. Nirmala ndiye aliyeniambia, usimgombeze. Nilisema "tunapinga" mbele ya kijiji kwa sababu nakuamini, lakini pingamizi bila sahihi yako ofisini halipokelewi. Katika tangazo lao wameliita shamba lile ardhi kame isiyo na kitu. Baba yetu amezikwa pale.

Avva anakubariki, na ameniomba nisikuandikie mengine aliyoyasema. Kallavva na Durgappa wanakusalimu. Dyamavva akushike mkono kwenye majengo hayo marefu, usiteleze.

Fomu nimeiweka ndani ya bahasha hii. Tia sahihi uirudishe. Kama unataka fidia, hiyo nayo ni haki yako, lakini hutaisemea kwa dalali kwenye simu. Utapanda ndege, utasimama uwanjani mbele ya watu wote, utaisema kwa mdomo wako mwenyewe, na Durgappa atakupigia ngoma kama alivyotupigia sisi.

Dada yako akupendaye, asiyehama,

Sangavva