Acha Hewa Nyuma ya Mbao

Mwendwa mjukuu wangu,

Huku Kyuso ndengu tumevuna, ila mgongo wangu umechoka kabisa. Unauliza kwa nini mbao mpya ulizopiga ndani ya chumba cha ile boti kuukuu uliyonunua zimeanza kunuka uvundo.

Nikiwa kijana, mimi na ndugu yangu tulitengeneza boti moja huko Mombasa. Tukapiga mbao ndani, tukaziba kila ufa, vile huku tunazibia vumbi. Mwenye boti, mama mzee, akaingia, akanusa.

“Vijana wa Ukambani, mmefungia unyevu ndani. Fungueni.”

Tukazing’oa, tukaacha nafasi nyuma yake hewa ipite. Nawe fanya hivyo, na rangi utakayopaka ingoje mbao zikauke.

Tangu tumzike susu yako, mke wangu, chumba chetu nimekifunga madirisha yote. Nikimaliza kukuandikia, nitafungua moja.

Babu yako