Sugu ya Babu

Jumamosi, jua linazama.

Mwanangu Yohana ametambaa sasa hivi hadi miguuni kwa babu, mikono imejaa majivu, akafungua kinywa tu. Babu alikuwa amejiwekea kipande cha mwisho cha matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Amekilainisha kwa maji, akamlisha chote.

Lakini babu kubatizwa hataki, na kifua kinazidi kumbana. Mwalimu wa kanisa anakuja kesho, na sijui kama babu atafika Jumapili nyingine.

"Mke wangu," ananitania mimi mjukuu wake kama kawaida yake, "nimebeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani. Sijaona mpagazi aliyepokewa mikono mitupu. Kwa huyo Mungu wako nitapeleka nini?" Akafunua bega, akanionyesha sugu. "Labda hii."

"Babu, ni bure. Kuamini tu."

"Bure! Basi tajiri huyo ana lake jambo." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Namwambia ni bure, na mimi mwenyewe leo sikwenda kufagia kanisa kwa sababu Yohana aliamka na homa, na tangu asubuhi naogopa kama mtu aliyeiba. Kama ni bure kweli, naogopa nini? Nitamfundishaje babu jambo ambalo mwenyewe bado sijaliamini?

Ila kile kiazi. Yohana hakubeba kitu, hata kushukuru hajui.

Babu ananiita. "Mke wangu! Mwanao anataka tena, njoo!" Nakwenda, na nitamuuliza hapo hapo, babu, huyu amekuletea nini hata ukampa kipande chako cha mwisho?