Kalamu ya Ofisini

Jumanne, baada ya chakula

Mikono yangu bado inanuka klorini. Wiki nzima homa inazunguka hapa Kianjokoma, kwa hivyo leo meneja aliniambia nipanguse kila kitu watu wanachoshika pale ofisi ya maziwa: vitasa, swichi, meza, hata mizani.

Nilipangusa kama mtu aliye ndotoni. Nje ukungu ulikuwa umelalia majani ya chai, na kila nilipopitisha kitambaa niliona mikono ya watu wote wa asubuhi ikiinuka mezani, ikielea taratibu hadi dirishani, ikiyeyuka.

Kisha Mzee Njeru akaja kutia sahihi kwenye daftari la wakulima. Akachukua ile kalamu iliyofungwa mezani kwa uzi, akaiuma akiwaza, akakohoa, akaandika, akampa aliye nyuma yake.

"Mzee, hiyo kalamu si ya mdomo!"

"Ai, Wawira, si nimeiuma tangu mwaka jana?" Akacheka. Wote wakacheka.

Nilikasirika kweli. Nikakata uzi wake karibu na meza, nikafunga kalamu mpya, hiyo ya zamani nikaitia mfukoni nije niitupe.

Mama amelala hapa kando yangu. Kifua chake ni kibaya tangu zamani, na homa ikimpata sijui. Kikombe chake nimekiosha mara mbili. Nimekaa kitambo nikitafuta neno la kueleza vile ninaogopa, kalamu mdomoni, na kuna kitu kinanitekenya kidevu.

Ni uzi.